Keki ya Kumpokea Mkurugenzi

Dada mpenzi,

Hatujambo. Mtoto ameota meno mawili, na sasa hakuna kidole kilicho salama humu ndani.

Uliniuliza habari za kazi. Bodi ilimfukuza mkurugenzi wetu kwa sababu alificha kwamba programu tuliyoiuzia hospitali inakosea hesabu za dozi za watoto. Aliyefichua ni mhandisi mwenzangu, yule tunayemwita Twiga. Wawekezaji wakaja juu: mkurugenzi asiporudi, wanaondoka na pesa zao. Bodi ikanywea, naye akarudi.

Tukakusanywa ukumbini. Mwenyekiti wa bodi, aliyekuwa akimwita mwongo juzi tu, alimlisha keki kwa mkono wake, utadhani ni maharusi. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akajifuta midomo, akamgeukia Twiga: "Wewe usijisumbue kula. Mlinzi anakusubiri mlangoni."

Nikauliza, "Na zile dozi, je?"

Mwenyekiti akacheka. "Mama, leo ni furaha. Usitutie nuksi."

Dada, wenzangu wote walikuwa wakitazama sahani zao. Nikavua kitambulisho, nikakikandamiza katikati ya keki, nikatoka na Twiga.

Jana tulikwenda hospitali. Daktari wa watoto alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaizima ile programu mbele yetu, akawaambia wauguzi, "Kuanzia leo, hesabu za dozi tunapiga wenyewe."

Shemeji yako bado sijamwambia. Nitamwambia leo, akishashiba.

Mdogo wako, asiye na kazi wala majuto.