Kipimo cha Wawili

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ile boila ya duka lako la udobi imeacha kukohoa. Mimi sijambo, isipokuwa uchovu, ambao sasa nimeuzoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Nimepiga ile picha ya matiti ya kila mwaka, na kama kawaida ulisema nikuandikie "jibu letu". Jibu ni kwamba hakuna uvimbe ulioonekana. Tafadhali usiikate mkia sentensi hiyo. Sikuandika kwamba hakuna uvimbe. Nimeandika kwamba hakuna ulioonekana.

Miaka yote nimepewa karatasi yenye neno "safi", nami nikakutumia neno hilo hilo. Safari hii nimempata daktari mgeni, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Unaona nini?"

"Ukungu," nikamjibu.

"Basi na mimi naona ukungu."

Akanieleza kwamba mafuta ya titi hutoka meusi kwenye picha, na tishu nzito hutoka nyeupe. Saratani nayo hutoka nyeupe. Matiti yangu karibu yote ni meupe. Si ugonjwa, na wala mkono hauwezi kuligundua jambo hilo. Wanawake wengi wako hivyo bila kujua. Lakini hali hiyo huficha uvimbe, na yenyewe huongeza hatari kiasi. Kisha akauliza ni nani katika ukoo aliyeugua. Nikamtajia mama, na mama mkubwa, wote kabla ya kufika hamsini. Akavua miwani. "Kwa historia hiyo," akasema, "picha peke yake haikutoshi." Nitarudi kwa altrasaundi.

Kwa hiyo jibu hili si letu. Nenda ukapimwe.

Dada yako

22 Februari

Dada,

Shikamoo, maana robo saa uliyonitangulia kuzaliwa si haba. Huku hatujambo. Boila bado inakohoa, lakini inafanya kazi, tofauti na fundi wake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeelewa kwamba tuko safi. Mungu ashukuriwe. Mkia wa sentensi nimekuachia wewe uliyesoma.

Dada, sisi tumezaliwa tumefanana hata shangazi alikuwa akimnywesha uji mmoja mara mbili na mwingine akalala njaa. Sare za shule ulipimwa wewe, nikavaa mimi. Viatu ulijaribu wewe. Hata gauni la harusi yangu fundi alikupima wewe huko chuoni, kwa sababu mimi nilikuwa namuuguza mama na sikuwa na nafasi ya kutoka. Mwili mmoja huo, Mungu kaupiga chapa mara mbili. Kama wewe umebanwa na ile mashine, basi na mimi nimebanwa. Shemeji yako anasema pacha mmoja akinywa dawa, mwingine ndiye anayecheua.

Tena nina mashuka ya hoteli mbili yaliyojaa mpaka mlangoni, na msichana wa pasi kaenda kujifungua. Sina siku ya kwenda kukaa kwenye benchi.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Habari za kazi na uchovu? Pole kwa mashuka. Mimi nashukuru, nimeamka.

Altrasaundi nimefanyiwa, na hakuna kilichoonekana, ingawa kipimo hicho kinapenya pale picha ilipoishia. Nakuambia ili ufurahi kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu tu.

Unajua kazi yangu. Nakagua mizani za wafanyabiashara, na wapo wanaoniambia: "Mama mkaguzi, hizi mbili nilizinunua siku moja, kiwanda kimoja, ukishapiga muhuri hii, na ile piga tu." Sijawahi kupiga muhuri wa namna hiyo. Mizani mbili zilizotoka pamoja huharibika kila moja kwa wakati wake na mahali pake. Tulichorithi kwa mama na mama mkubwa ni hatari, nayo ni yetu sote wawili sawasawa. Uvimbe haurithiwi ukiwa tayari umeota. Huota kwa mmoja, siku moja, titi moja.

Nenda. Waambie habari za mama, na za mama mkubwa, na za matiti ya pacha wako. Wakikupa picha peke yake, omba altrasaundi.

Dada yako

27 Machi

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Mama alipougua, wewe ulikuwa chuoni. Wewe ulisoma barua. Mimi nilifua vitambaa. Nilimvua nguo kila siku mbele ya watu wenye makoti meupe, na kila siku walikuwa na neno jipya. Nimechoka, dada. Sijachoka kazi, nimechoka kusubiri mtu afungue mlango na faili mkononi. Ulipoanza kwenda kupimwa wewe nilisema alaa, kumbe kuna mmoja wetu anayeweza, basi yaishe.

Usiniandikie tena habari za kifua. Niandikie habari za mvua.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini nyote mmeamka salama.

Mvua imenyesha wiki nzima. Paa la ofisi linavuja juu ya meza ya bosi, nasi watumishi tumelipokea jambo hilo kwa utulivu mkubwa. Mtaa wetu umejaa tope. Jirani kapoteza kiatu, na hadi leo anavaa kimoja kwa hasira.

Habari za mvua zimekwisha.

Lile gauni la harusi, fundi alinipima mimi, tena kwa uangalifu. Na bado asubuhi ile nilisimama nyuma yako na pini mdomoni, wewe ukisema "polepole, sipumui", mimi nikifumua mshono wa kwapani ili uweze kuinua mkono. Watu waliona gauni limekukaa. Mimi na wewe tunajua lilivyokukaa.

Sitaandika tena juu ya hili.

Dada yako

16 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui niulizie vipi hali yako baada ya kimya hiki chote. Huku watoto wazima. Boila imekufa, tumenunua nyingine. Mimi nipo.

Nilikwenda mwezi Mei, sikukwambia. Picha ikatoka nyeupe. Mpigapicha akasema, "Mama, uko safi, vaa." Nikaanza kufunga vifungo. Kwapani nikakumbuka pini zako. Nikamwambia: "Mwanangu, nafua mashuka meupe miaka yote hii. Tone la wanga kwenye shuka jeupe hulioni mpaka uliinue dirishani. Niinulieni dirishani." Akacheka. Nikamtajia mama, na mama mkubwa, na wewe. Akaacha kucheka, akamwita daktari.

Altrasaundi ilikaa titi la kushoto muda mrefu kuliko la kulia, nikajua. Kitu chenyewe ni kama punje ya dengu. Wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano, na mlango ukafunguliwa na mtu mwenye faili mkononi, kama nilivyokwambia. Ni saratani, dada. Wamekwisha kuitoa. Wamesema ni ya mapema, haijafika kwapani, nitachomwa mionzi, na wanatarajia nitapona. Shemeji yako anapiga pasi mwenyewe sasa, hoteli imelalamika.

Sikukuita kwa sababu ungekuja kulala wewe kitandani badala yangu.

Nimemuuliza daktari juu yako kabla hata ya kuuliza juu yangu. Anasema pacha wa kufanana sana kama sisi, mmoja akiugua, hatari ya mwingine hupanda, na ile altrasaundi yako ya Machi haitoshi tena. Ukapimwe kwenye ile mashine ya sumaku, MRI, na uwe unarudi kila mwaka. Karatasi aliyoandika nimeiweka humu ndani.

Nakujua. Utaisoma barua hii umekaa chini, mkono kifuani, na tayari utakuwa unaumwa kushoto. Gauni hili nimepimiwa mimi. Usilivae kabla hujapimwa.

Mdogo wako