Karatasi ya Vidole Gumba na Ghorofa Yenye Ufa

Mshauri mpendwa, asalaam aleykum, naomba unijibu kabla siku zangu hazijaisha, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi hapa Garissa, na mwaka jana nilijenga ghorofa kwenye kiwanja alichoniachia baba, na utaratibu niliufuata, niliwaita wazee, nikachinja ngamia, dua ikasomwa, wazee kumi na wawili wakatia vidole gumba kwenye karatasi kwamba nimeruhusiwa kujenga, nami nikaitia karatasi hiyo kwenye fremu na kuitundika sebuleni, lakini Jumatatu alikuja afisa wa kaunti, binti mdogo aitwaye Ruweyda, akaniomba kibali cha ujenzi, nikamwonyesha fremu, akaisoma yote kwa adabu kisha akasema, "Adeer, ami yangu, hapa wamesema kiwanja ni chako. Nani amesema nguzo hizi zitabeba ghorofa?" nikamjibu kwamba Mwenyezi Mungu atazibeba, naye akasema, "Inshallah, ila nahitaji na mhandisi," akachora X nyekundu ukutani na kunipa siku kumi na nne nilete kibali la sivyo nyumba ibomolewe, nami hiyo X nikaipaka chokaa lakini bado inaonekana, na binti yangu Idman anaolewa mwezi ujao, wakwe nimeshawaahidi kwamba maharusi watakaa juu, na sasa mlango wa juu haufungiki na kuna ufa unaoanzia dirishani, fundi anasema ni joto tu, na mama yangu Hadiyo amekataa kabisa kuingia ndani, anakaa uani katika aqal yake ya miti na mikeka, kila nikipita ananiambia, "Yarow, nyumba yangu nimeijenga mara arobaini na haijamwangukia mtu," je, nimshtaki afisa huyu kwa kuwadharau wazee?

Yarow, Garissa

Bwana Yarow,

Aleykum salaam. Usimshtaki mtu.

Sina ugomvi na wazee wako. Mimi pia ni mzee, na ngamia wa shughuli kama hiyo nimemla mara nyingi. Wanajua kiwanja kilikuwa cha nani tangu enzi za babu yako. Lakini kati ya hao kumi na wawili, ni nani aliyeuliza nguzo zina nondo ngapi? Hakuna. Walikuwa wakila.

Fundi wako anasema ni joto. Joto la Garissa lilianza juzi? Mama yako alijua kila mti wa aqal yake umefungwa wapi, na alipotaka kuhama aliupakia mgongoni mwa ngamia. Ghorofa yako haihami, bwana. Inashuka. Na uliyepanga kumweka humo ni Idman.

Watoe watu wote ndani leo, kabla ya alasiri. Kesho nenda kwa Ruweyda wewe mwenyewe, usitume shemeji wala jirani. Beba hati ya kiwanja. Fremu iache msumarini. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa aikague nyumba, na msanifu achore michoro ambayo ulipaswa kuipeleka kaunti kabla ya tofali la kwanza. Ni aibu kuchorewa nyumba iliyokwisha kusimama, ivumilie. Wakisema ghorofa ibomolewe, ibomoe kabla haijajichagulia siku yake.

Wakwe waambie ukweli: maharusi wataanzia nyumba ya kupanga. Watakusema mjini kwa mwezi mmoja, na binti yako atakuwa hai kuyasikia.

Kisha nenda uani, mwombe mama yako radhi, na umwombe nafasi katika aqal. Akikuuliza kibali cha kuingia kiko wapi, inamisha kichwa na umngoje amalize kucheka.