Yustini, Wamekupa Medali

Yustini, ndugu yangu,

Wamekupa medali. Nakuambia mapema kwa sababu najua ungefurahi, na furaha yako ingeniudhi.

Ilikuwa Kabambare, mbele ya ofisi ya teritwari inayotawala wilaya yetu. Bendera, tarumbeta, viti vya Wazungu kivulini, watu wetu juani. Mkubwa mmoja alitoka Bukavu kuja kuwatazama vijana weusi waliomaliza chuo kikuu wakarudi kwao kuanzisha kazi za huruma. Vijana hao ni mimi na wewe. Mimi nilisimamishwa mbele, nikabandikwa medali yangu kifuani. Wewe uliwekewa kiti kitupu.

Bwana wa teritwari alisoma habari zetu. Alisema nyumba yetu ya Lusangi, ya watu waliovunjwa viungo au kupofushwa na mgodi, ilijengwa kwa msaada wa Leta, serikali yao. Unaukumbuka huo msaada? Polisi wake waliliezua paa, tukaezeka, wakaliezua tena. Walisema tunafanya siasa, kwamba tunakusanya vilema ili watu wauone ubaya wa mgodi. Mimi nilitaka tuwakabili pale pale. Wewe ukavua kofia, ukaenda kumwomba Bwana. "Matiasi," uliniambia, "mtu akiombwa kwa heshima huona haya."

Hakuona haya, Yustini. Hakuona haya hata tumbo lilipokukamata ukawa unajikunja chini. Nilikimbilia Kabambare kumwomba gari likupeleke lopitali ya Kasongo. Alinijibu kutoka dirishani, hata hakuinuka, kwamba gari ni la kazi ya Leta. Nalo lilikuwa pale uani, dereva analiosha. Tukakubeba kwa machela, vijana wa Lusangi wakipokezana mabega. Njia nzima uliniuliza kama mgonjwa wetu Mzee Amisi amechongewa magongo mapya. Nikakwambia bado. Tulipokaribia Wamaza hukuuliza tena. Nilidhani umelala.

Sehemu hiyo siwezi kuiandika.

Sasa sikia walivyomfanya mama yako. Walimfuata nyumbani kwa gari lile lile. Dereva ni yule yule. Mama Veronika alishuka amevaa kitenge cha matanga, wakamsimamisha kando ya kiti chako. Bwana akamtia medali mkononi, akasema kwa Kifaransa kwamba Leta inalia pamoja naye. Karani akamtafsiria. Mama akaitazama ile medali, akaigeuza upande wa pili, kisha akasema taratibu:

"Umuulize: hii motokari ilikuwa wapi siku mutoto wangu alikuwa anakufa?"

Karani akamgeukia Bwana, akasema mama anashukuru sana.

Nikamkatiza. Nililisema swali lile kwa Kifaransa, neno kwa neno, kwa sauti ya kufika mpaka kivulini. Katika miaka yetu yote ya chuo, sijawahi kukitumia Kifaransa vizuri namna ile. Bwana akawa mwekundu mpaka masikioni. Mkubwa wa Bukavu akainama kutazama viatu vyake. Mama akaiweka medali mezani, akakaza kitenge chake, akaondoka kwa miguu. Nikaibandua yangu kifuani, nikaiweka kando ya yako, nikamfuata.

Nyuma yetu tarumbeta ikapigwa tena, eti sherehe iendelee.

Kazi niliyoahidiwa na Leta huko Kasongo imeota mbawa, na siililii. Bwana alitaka nyumba yetu iwe ya Leta, ibandikwe kibao, na wagonjwa wakatazwe kuwaeleza wageni jinsi walivyoumia. Nilikataa. Basi akatuma polisi kuwatoa watu wetu. Safari hii waliwakuta wameketi wote mlangoni, wasio na miguu mbele, vipofu nyuma yao. Mkubwa wa polisi akasoma amri. Mzee Amisi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu bila kupaza sauti: "Mutuletee kwanza miguu yetu. Halafu tutatoka."

Polisi mmoja, mtoto wa Lusangi, baba yake alizikwa na udongo wa mgodi ule ule, alijitenga akasimama peke yake chini ya mwembe wa jirani. Wengine wakazungukazunguka, kisha wakaondoka. Watarudi, najua.

Nina hasira nao, Yustini, na nina hasira na wewe. Upole wako waliula kama mahindi ya kuchoma, wakatupa gunzi. Kama tungelichukua gari lile kwa nguvu siku ile, wangenifunga, lakini labda leo ungekuwa hapa unanikemea kwa utovu wa adabu. Nakosa hata makemeo yako. Nikitaka kugombana jioni, sina wa kugombana naye.

Mzee Amisi ana magongo yake. Nilimchongea mwenyewe, moja limezidi kidogo, analalamika kila siku.

Mama yako amehamia kwetu. Anapika sombe, majani ya muhogo, kwenye chungu kikubwa na kuwagombeza wanaume wazima wasionawa mikono. Hataki nimwite Mama Veronika tena, anataka Mama tu. Lala, ndugu yangu. Usiniombee niwasamehe, sikuahidi hilo. Ninachokuahidi ni hiki: siku ya Mama ikifika, hatakosa mtoto wa kumzika.

Matiasi wako