Kabla Hujaingia na Junaid Kwenye Maonyesho ya Harusi

Samanabad,
Lahore.
12 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Anbarin,

Assalam aleykum. Namwomba Mungu barua hii iwakute wazima, wewe na baba mdogo na mama mdogo, na magoti ya bibi yasiwe yanamsumbua sana kwa baridi ya Quetta. Sisi huku hatujambo. Moshi umeanza kushuka juu ya mji, na Shangazi Tahmina anakohoa usiku kucha, asubuhi anakataa dawa na kusema ni vumbi tu.

Lozi ulizotuma zimefika salama. Asante sana, mpenzi. Mume wangu Khuram amezificha juu ya kabati akidhani sijamwona, na mimi namwacha adhani hivyo, kisha nakula akienda kazini.

Umeniuliza mtu na mchumba wake wajue nini kabla ya kwenda kwenye maonyesho ya harusi, maana wewe na Junaid mmealikwa yale ya hotelini mwezi ujao. Nimeshukuru kwamba umeniuliza mimi.

Kuleni nyumbani kwanza. Kule kila mpishi atakuonjesha kijiko cha pilau na kipande cha halua, utatoka na njaa na hutakumbuka chakula cha nani kilikuwa kitamu. Vaa viatu vya chini. Beba kipande cha kitambaa cha nguo yako, kwa sababu taa za ukumbini hufanya kila chekundu kipendeze. Usigawe nambari yako ya simu ovyo. Mimi niligawa, na bwana mmoja wa kukodisha mahema aliendelea kunipigia hata baada ya harusi, akiuliza kama nimeshaamua kuolewa.

Fedha za arbuni msitoe siku hiyohiyo, hata mkitishiwa kwamba bei itapanda jioni. Nendeni na mtu anayeweza kusema hapana bila kuona haya. Mimi na Khuram tulikwenda na Shangazi Tahmina. Mwenye kukodisha farasi wa kupandwa na bwana harusi alipoanza kutuharakisha, shangazi alimwambia, "Baba, farasi wako amesimama tu hapo, bei yake ndiyo inayokimbia." Yule bwana alicheka mwenyewe.

Lakini sikukaa kuandika kwa sababu ya farasi.

Unayajua mabaka yangu meupe, yaliyoanzia nyuma ya sikio yakateremka shingoni. Posa ilipokuja, mama alimwambia mama yake Khuram, Bi Shaista, waziwazi, naye akasema si neno. Nikaamini amemfikishia mwanawe. Mimi na Khuram tulikuwa tumezungumza kwenye simu tu, na sebuleni mbele ya wakubwa, na mtandio wangu haukuwahi kuteleza.

Siku ya maonyesho kulikuwa na jukwaa la mpambaji mmoja mwenye kipaza sauti, akitafuta bi harusi wa kumpamba bure mbele ya watu. Akanionyesha kidole. Shangazi akanisukuma, "Nenda, cha bure hicho." Nikakaa kwenye kiti. Yule mama akavuta mtandio nyuma ili abane nywele, akayaona mabaka, akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, hapa kuna kazi."

Juu ya jukwaa kulikuwa na skrini kubwa. Shingo yangu ilijaa skrini nzima.

"Usiogope, bi harusi," akaendelea huku akichovya brashi. "Nikimaliza mimi, bwana harusi hatajua kitu mpaka karamu ya walima imeshaliwa."

Watu wakacheka. Nikamtafuta Khuram kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na wauza maua, hacheki, anaitazama ile skrini. Halafu akageuka akapotea kati ya watu. Nikajua hapo kwamba hakuwa ameambiwa.

Shangazi akainama sikioni mwangu. "Usilie. Ukilia watapata cha kutazama."

Brashi ikaendelea. Kisha nikasikia sauti upande wa nyuma. Khuram alikuwa amezunguka kutafuta ngazi za jukwaa.

"Dada, samahani," akamwambia mpambaji. "Mfute."

"Nimfute? Bado sijamaliza."

"Mfute shingo. Nataka nimwone."

Yule mama akamtazama shangazi. Shangazi akasema, "Umesikia, au kipaza sauti kimekuziba masikio?"

Nikafutwa. Khuram akainama kidogo, mikono ameiweka nyuma, akatazama taratibu.

"Yanauma?"

"Hapana."

"Yanawasha?"

"Jua likiwa kali."

"Haya," akasema, akamgeukia shangazi kumuuliza kama tumekula.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Nje, kwenye chai, hakuigusa chai yake mpaka ikaota utando. Mwishowe akasema, "Sidra, mabaka hayajaniuma. Nimeumia kuambiwa na mtu nisiyemjua, ukumbi mzima unasikia." Nikamweleza nilivyodhani. Akampigia mama yake palepale, na sauti ya Bi Shaista niliisikia hadi nilipokaa: "Niliogopa utakataa, mwanangu." Akamjibu, "Ungeniachia nikubali mwenyewe, mama."

Siku zilizofuata hakupiga simu. Mama alikuwa akipika na kulia. Mimi nilishaanza kukunja nguo za harusi na kuzirudisha sandukuni. Ndipo akaja, yeye na Bi Shaista, akakaa mbele ya baba na kusema, "Mara ya kwanza mama aliniulizia. Leo nimekuja kuuliza mwenyewe." Bi Shaista aliniomba radhi, na mpaka leo namshukuru kwa hilo, maana halikuwa jambo jepesi kwa mtu wa umri wake. Siku ya harusi nilipambwa nyumbani na shangazi, na shingo haikupakwa kitu.

Sasa, mdogo wangu, dawa zako. Junaid anajua una kifafa? Mama mdogo aliniambia "wakubwa wa kule" wameambiwa. Wakubwa wa kule si Junaid. Mwambie wewe, kwa kinywa chako, kabla hamjaingia kwenye ukumbi wowote. Huenda atanyamaza wiki nzima. Huenda asirudi, siwezi kukuahidi. Ila ajibu akiwa amekutazama wewe.

Juzi limetokea baka jipya, kwenye mkono huu ninaoandikia. Khuram ndiye aliyeliona kwanza. Aliniambia wakati ananipa kikombe cha chai, kama anavyoniambia mvua imeanza, kisha akaniuliza kama sukari imetosha. Nikakaa na kile kikombe, nikamshukuru Mungu.

Nisalimie baba mdogo, mama mdogo, bibi, na Farzana pamoja na watoto wake. Mungu akupe kinywa chepesi siku utakayosema, na akupe nyumba usiyohitaji kujificha ndani yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Sidra