Okidi ya Mama na Taa Zangu Tatu

Chumba cha kushonea,
Ghorofa ya pili, nyuma ya karakana.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kitindamimba,

Hujambo mdogo wangu? Shemeji naye? Kile kikohozi kimekuacha? Huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima kabisa.

Na ulimi huo ndio unaoniua. Mche wa okidi wa Mama tuliugawana wewe na mimi. Wako una maua, wangu majani matupu. Tangu utume ile picha yako umeushika, Mama kaibandika juu ya cherehani yangu. Kila mteja anayekuja kupimwa anaambiwa, "Hiyo ya mdogo. Huyo ana mkono wa kuotesha!" Mimi ninayemkanda magoti kila jioni sina mkono. Nakuonea wivu, nasema wazi.

Wewe una dirisha la jua, langu linatazama ukuta. Basi nikaona nijitafutie jua langu. Kwanza nikaumulika kwa taa ya cherehani, ikaunguza jani. Nikanunua ile taa ya zambarau ya kukuzia mimea, wanayoisifia. Chumba kikawa kama baa, nami nikapinda sare nyeupe ya muuguzi kwa uzi wa waridi, nikidhani ni mweupe. Muuguzi hakucheka.

Mwishowe nikafunga taa nyeupe ndefu, ya kawaida tu, juu kidogo ya majani. Nikaiacha ikiwaka usiku na mchana ili nikupite upesi. Fundi umeme akashangaa: "Dada, wewe ukimulikwa usoni usiku kucha, utapendeza?" Sasa tukilala naizima.

Basi Ijumaa kikonyo kimetoka, kina matumba manne! Nikamwita Mama mbio. Akakaa chini ya taa, akayatazama, nami nikasubiri sifa zangu. Akasema, "Laiti mwenzio angekuwepo akaona."

Nilitaka kulia kwa hasira. Kisha akainuka, magoti yale yale, akaigusa picha yako ukutani. Maua ya pichani hakuyagusa. Aligusa pale mkono wako uliposhika chungu.

Kwa hiyo picha ya okidi yangu sikutumii, hata unibembeleze vipi. Ukitaka kuiona, njoo kabla maua hayajapukutika.

Nisalimie shemeji na mama mkwe wako. Mungu akulinde njiani.

Wako akupendaye, wivu na yote,
Dada yako.