Siku Uliyotupeleka Saanane

Mama yangu mpendwa, shikamoo popote ulipo.

Jumapili niliwasimulia wanangu jinsi tulivyotoka Musoma kwenda Mwanza kuangalia wanyama kisiwani Saanane. Mdogo akauliza, "Kwani bibi alikuwa na gari?" Hukuwa nalo. Ulikuwa na kalenda iliyopitwa na wakati, na nyuma yake ukachora barabara kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari: Bunda, Lamadi, Magu, Kisesa, Mwanza. Ukaibandika ukutani, karibu na meza ya chakula.

"Darasa la tatu nimewafundisha simba wa kwenye picha miaka yote," ulisema. "Likizo hii nitamwona mwenyewe."

Baba aliendelea kula. Unakumbuka alivyokuwa siku zile. Alikuwa dereva wa lori la pamba tangu sijazaliwa, mpaka kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wote wakapunguzwa. Tangu hapo hakugusa usukani. Mjomba alinunua pikapu ya mtumba ya kubebea sangara, akambembeleza amwendeshee. Baba akamjibu, "Shemeji, mimi si dereva tena." Akarudi kukaa barazani, na nyumba nzima tukajifunza kunyamaza.

Wewe hukunyamaza. Uliazima pikapu ya mjomba kwa siku mbili, ukatuambia kijana wa jirani ndiye atakayeendesha. Asubuhi ya safari tukapanda nyuma, mimi na mdogo wangu Mafuru, juu ya godoro, tukiwa na sufuria ya wali na kuku. Ukaketi mbele, upande wa abiria. Tukasubiri, jirani hakuja.

Baba akatoka. Akaizunguka pikapu, akapiga tairi teke, akafungua boneti.

"Mama Neema, nani amekagua maji?"

"Sijui. Nilidhani hiyo ni kazi ya dereva."

Alijaza maji mwenyewe, akafunga boneti. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya kazini.

Karibu na Magu mvua ilikuwa imenyesha, maji yakakata barabara. Basi na malori mawili yalikuwa yamesimama, abiria wamekaa kando. Baba alikunja suruali, akaingia majini, akapapasa kwa miguu hatua kwa hatua mpaka ng'ambo. Aliporudi alituamuru tushuke tuvuke naye kwa mguu, akitushika mikono. Kisha akaenda kuchukua gari peke yake. Maji yalifika kwenye taa. Injini ilinguruma, ikazidi kunguruma, na pikapu ikapanda upande wetu ikichuruzika. Watu wa basi wakapiga makofi. Dereva wao, kijana, akavuka kwa mguu kuja kumsalimia: "Shikamoo mzee. Nionyeshe ulipopita." Baba akarudi naye majini, akamwongoza. Basi likapita, malori yakafuata.

Niligeuka kukutazama, mama. Ulikuwa unalia na khanga mdomoni, na ulikuwa unacheka.

Kesho yake tulivuka kwa boti hadi kisiwani. Simba alikuwa amelala, ametupa mgongo. Ulisimama mbele yake kama mkaguzi wa shule, mpaka akainua kichwa na kupiga mwayo. Baba alicheka hadi akashika kiuno. Mafuru alinishika mkono, akaninong'oneza, "Baba anacheka." Ndipo nilipokuuliza kuhusu yule kijana wa jirani.

"Sikumwambia kitu," ulijibu, ukaendelea kumtazama simba wako.

Wiki iliyofuata baba alianza kubeba sangara wa mjomba kwenda Mwanza. Barabara ile aliiendesha mpaka mimi na Mafuru tukamaliza shule.

Nilidhani siku ile tulikwenda kuangalia wanyama. Leo nina mume, nina watoto, najua ulikwenda kumchukua mtu wako, na ulirudi naye. Ulishinda, mama. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Pumzika. Baba hajambo, anakula vizuri, na anapenda sana kuzungumza.

Mwanao wa kwanza,
Neema