Zamu Yako ya Kuteremka

Bonde la Azapa,
Arica, Chile.
Jumapili, 8 Septemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Nieves,

Pokea salamu zangu, nyingi kama viazi wakati wa mavuno. Hujambo? Wanao hawajambo? Na macho ya Mama yanaendeleaje na ile dawa? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Kuinamia nyanya kutwa nzima kumenifanya kama kulabu, na jioni nikijinyoosha mifupa yote inalalamika. Lakini nakula, nalala, namshukuru Mungu.

Habari zako nilizipata kwenye simu. Nakujibu kwa barua kwa sababu mambo haya kwa mdomo siyawezi.

Umesema tingatinga litafika baada ya sikukuu ya Bikira wa Rozari, litanue njia yetu ya mlimani ili malori yapite. Sisemi kwamba ni vibaya. Mama akizidiwa, gari litafika hadi mlangoni. Ila siku ile uliponipa habari hiyo, chakula hakikunishuka.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimekuficha tangu Julai. Nimenunua baiskeli. Usicheke. Ni baiskeli ya mlimani, mpya kabisa, ya kijani, matairi yake mapana yenye meno, na mbele ina springi. Nilipoipandisha nikiisukuma hadi juu ya vilima vya nyuma ya mashamba, nilihema kama punda aliyebeba chumvi. Halafu nikateremka. Nieves, mwili haukusahau! Miguu ilijua lini isimame kwenye pedali na lini makalio yarudi nyuma ya kiti. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili mpaka nilipofika chini, hapo ndipo mgongo ukanikumbusha umri wangu.

Hapa nalala chumba kimoja na Mzee Casimiro, mtu wa nchi yetu, wa Oruro. Alipoiona alisema, "Calisaya, wenzako wananunua vitanda, wewe unanunua kitu cha kukuvunja mbavu!" Lakini ni yeye aliyenikumbusha kwamba chombo kipya hakitumiki kikavu, sharti kinyweshwe kwanza. Basi ule mwezi wa Agosti, wakati ardhi inafungua kinywa kupokea sadaka, Ijumaa ya kwanza tukaipamba maua, tukaitupia karatasi za rangi, tukanunua bia. Mama Ardhi akanywa kwanza, kisha baiskeli. Nilimwaga kwenye usukani, kwenye matairi, na hasa kwenye breki, maana nilijiambia ndizo zitakazookoa roho yangu. Nikazirudia mara ya pili.

Kosa langu ni kwamba breki hizi si kama za baba, za mpira wa kubana ukingo wa gurudumu. Hizi ni sahani za chuma katikati ya gurudumu, na hazitaki hata tone la kitu kinachonata. Jumapili yake nikashuka kilima. Nikabana breki. Zikapiga kelele kama nguruwe wa Krismasi, na baiskeli ikazidi kwenda! Nikaishia kwenye rundo la mbolea ya kuku. Mzee Casimiro alikuwa amekaa kwenye jiwe akinitazama. Badala ya kuja kuniinua, akapaza sauti, "Mama Ardhi amekunywa vizuri, kijana, ila breki ndizo zilizolewa!"

Fundi kule mjini alizinusa akaniuliza kama nimefungua baa. Amezisafisha na kuniwekea vibanio vipya. Sasa zinashika barabara.

Tangu hapo kila Jumapili napanda. Juu kabisa nimeanza kurundika mawe, jiwe moja kila safari, kama lile rundo letu la pale juu njia inapoanza kushuka. Lakini hapa hakuna majani, hakuna ukungu, hakuna harufu ya moshi wa samadi kutoka jikoni kwa watu. Ni mchanga mtupu mpaka baharini. Na nikiteremka, nyuma yangu kuna kimya. Hapo ndipo panaponiuma. Sisi tulikuwa na baiskeli moja ya baba, mmoja akiteremka mwingine alikimbia nyuma, viatu vya tairi mkononi, mpaka darajani. Na wewe hukunihurumia hata siku moja: "Achia breki, mwoga wewe! Hata bibi anakupita!" Ninageuka kilimani huku nikitaka kusikia hayo matusi.

Nilimwendea msimamizi. Nikamwambia, "Bosi, naomba wiki moja tu, niende nyumbani mara moja kabla ya Rozari."

Akasema, "Calisaya, nyanya hazijui likizo. Nenda ukitaka. Ila ukirudi utakuta mtu mwingine amelala kwenye kitanda chako."

Hakusema kwa ubaya, ndivyo kulivyo. Nilitoka pale nikafikiria dawa ya Mama, nikarudi kwenye mistari yangu. Kwa hiyo sitaiona tena ile njia, mdogo wangu. Nikija Krismasi nitakuta barabara.

Ila baiskeli inaweza kuiona. Mzee Casimiro anarudi kwao Jumamosi ijayo, amechoka na nyanya. Nimeifungua magurudumu, nimeifunga kwenye blanketi langu, na njiani ataifikisha kituo cha mabasi cha La Paz. Mjomba Teodosio aipokee hapo akuletee.

Asubuhi ile niliyoondoka nyumbani, aliyeteremka nilikuwa mimi, na wewe ulikimbia. Kisha baba akafariki, baiskeli ikauzwa, na zamu yako haikufika. Sasa imefika. Vaa suruali au vaa sketi zako pana, watakaosema waseme. Weka jiwe moja kwenye rundo kwa niaba yangu. Pale kwenye kona ya mkaratusi ulioanguka, pita kulia, kushoto kuna mizizi. Mama Ardhi mpe bia yake chini, kwenye udongo. Breki uziache kavu! Na usizibane sana, mwoga wewe.

Nisalimie Mama, umbusu macho yote mawili. Msalimie mjomba Teodosio, na shemeji Eusebio mwambie asikimbie mbele yako, atagongwa. Wanao waambie mjomba wao anawakumbuka. Mungu na milima yetu wawalinde, na mvua ije kwa wakati wake.

Ni mimi kaka yako, ninayekuja nyuma yako mbio, viatu mkononi,

Severo